Injini ya Lori Ndani ya Trekta Kuukuu



Mkulima ambaye injini ya trekta yake imechoka huona lori lililoanguka likiuzwa kwa bei nafuu, akajiambia kuwa dizeli ile itaifufua trekta. Wazo hilo si la kijinga. Trekta ya Fordson Major E27N, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1945, ilikuwa na injini ya silinda 4, iliyowashwa kwa petroli kisha ikatumia mafuta ya taa. Tangu mwaka 1948 iliuzwa pia ikiwa na dizeli ya silinda 6, Perkins P6, iliyotokea mwaka 1937 na kutumika katika malori.

Lakini yako mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, katika trekta kama hiyo injini ndiyo uti wa mgongo: mbele hushika ekseli, nyuma giaboksi. Injini ya lori hubebwa na fremu. Isipotengenezewa fremu ya chuma pande zote mbili, yaweza kupasuka. Pili, injini ya lori huzunguka upesi zaidi. Mwendo wake usipopunguzwa, giaboksi yaweza kuharibika. Tatu, trekta huvuta plau polepole, wala upepo wa njiani hauipozi. Rejeta iwe kubwa ya kutosha.

Basi fundi apime kwanza, ndipo fedha zitoke. Anunuaye kabla ya kupima, huenda mvua ikamkuta trekta ingali juu ya mawe na shamba halijalimwa. Haraka haraka haina baraka.