Neno la Shahidi Mmoja: Kuaminika kwa Mwathirika Mbele ya Mahakama za Rufaa



Ubakaji hutendwa faraghani. Mara nyingi hakimu hubaki na maneno ya watu wawili, na akikosea, anayeumia ni mtu. Ama mwathirika anarudi nyumbani akiwa ameitwa mwongo, ama asiye na hatia anaanza kifungo ambacho nchini Tanzania kwa kawaida hakipungui miaka 30. Ninasimama kutetea hoja moja: shahidi asiaminiwe wala kukataliwa kwa jinsia yake, au kwa ubaya wa kosa linalosimuliwa. Aaminiwe kwa sababu zinazoandikika, ili mahakama ya juu iweze kuzipima.

Tulikotoka si kuzuri. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ilimtaka hakimu ajionye kabla ya kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamikaji wa kosa la kujamiiana pekee. Aliyejeruhiwa kwa panga hakuwekewa onyo kama hilo. Ndani yake mlijificha dhana kwamba mwanamke ni mwepesi wa kusingizia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitamka kwamba kumdai mwanamke ushahidi wa kuunga mkono ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Tanzania ilipitia bungeni: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ilirekebisha kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi. Tangu hapo mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, hata akiwa mtoto, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli tupu, na ikiwa imeandika sababu za kuridhika huko.

Katika uamuzi uliochapishwa kwenye taarifa za sheria za mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Kauli hiyo hunukuliwa karibu kila siku, na pengine hunukuliwa kana kwamba kazi ya hakimu imeishia hapo. Haikuishia hapo. Katika Rufaa ya Jinai Na. 145 ya mwaka 2017, Mahakama hiyohiyo ilikumbusha kwamba neno la mwathirika halikukusudiwa kupokelewa kama msahafu. Nalo lazima lipite kwenye kipimo cha ukweli.

Kipimo chenyewe ni kipi? Rufaa Na. 28 ya mwaka 2000 ilitaja njia tatu. Ya kwanza ni mwenendo wa shahidi kizimbani, na hiyo ni milki ya hakimu aliyemwona. Ya pili ni kuangalia kama maelezo yake yanashikana toka mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ni kuyalinganisha na ushahidi wa wengine, mshtakiwa akiwemo. Mimi naiogopa ile ya kwanza ikisimama peke yake. Binti anayeinamisha uso huenda anaficha uongo, na huenda anaona haya kutaja mambo ya faragha mbele ya wazee. Uso hausemi ni lipi kati ya hayo. Njia mbili za mwisho, kinyume chake, zimo katika mwenendo wa shauri, na jaji wa rufaa anaweza kuzipita upya mstari kwa mstari. Tena huo ni wajibu wake katika rufaa ya kwanza, kama ilivyokuwa msimamo wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1957.

Hapo ndipo linapokuja suala gumu la kuchelewa kusema. Kanuni yetu ni kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huongeza imani, na anayechelewa bila maelezo huamsha maswali. Ni kanuni nzuri. Lakini uzito wake uko kwenye hayo maelezo. Mtoto aliyebakwa na mjomba anayemlipia ada, au aliyetishiwa kuuawa, ana sababu ya kunyamaza. Mwendesha mashtaka asipomuuliza, sababu hiyo haiingii kwenye kumbukumbu, na jaji wa rufaa hana ruhusa ya kuibuni.

Tumeliona hilo pia kwa watoto wasiozidi miaka 14. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kuna hatia zilizotenguliwa kwa kuwa kumbukumbu haikuonyesha ahadi hiyo. Sentensi moja isiyoandikwa imeangusha ushahidi wa mtoto.

Na mshtakiwa je? Akidai kwamba kesi imetokana na ugomvi wa shamba, dai hilo lipimwe na lijibiwe ndani ya hukumu. Hukumu inayomwamini mlalamikaji bila kugusa utetezi haimsaidii hata mlalamikaji, kwani inamwacha wazi kwa rufaa.

Wanafunzi wangu, kesho ninyi ndio waendesha mashtaka, mawakili na mahakimu wa wilaya. Hatima ya rufaa hizi mtaiamua ninyi, miaka kadhaa kabla jopo la majaji halijaketi. Mwulizeni shahidi kwa nini alikaa kimya. Mdodoseni kwa ukali wa hoja, bila kumdhalilisha. Kisha andikeni kwa nini mmemwamini, au kwa nini mmemkataa. Anayestahili kuaminiwa na anayestahili kuachiwa huru wote wawili wanadai kitu kimoja kwenu: sababu.