Marehemu Alicheza Rede: Mhadhara wa Umma, Dumila



Patrick Mafisango wa Simba alipofariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam, Mei 2012, alililiwa na watu ambao hawakuwahi kumpa mkono. Wachezaji wa Zambia waliopotea na ndege kwenye pwani ya Gabon, tarehe 27 Aprili 1993, wamelazwa pamoja kando ya uwanja wa mpira jijini Lusaka. Mpira wa miguu una klabu, na klabu ina daftari, bendera na wenye kulia pamoja. Mchezo ninaouzungumzia leo hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Rede ni mpira wa mikono wa kwetu. Warushaji wawili husimama huku na huku, wa katikati hukwepa; pengine hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na akipigwa ametoka. Mpira ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kamba ya katani, ambayo katika Wilaya hii ya Kilosa haikutafutwa mbali. Wengine walishindilia mifuko ya plastiki, hadi Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Sasa twendeni msibani. Wasifu wa marehemu unasomwa. Akiwa mwanamume, hatuachi kuambiwa kwamba alikuwa Yanga wa damu. Akiwa mwanamke: alizaliwa, alisoma, akaolewa, akajaaliwa watoto, akaugua. Ile miaka ambayo mtaa mzima ulishindwa kumlenga haimo. Sidhani kama ni kusahau tu. Mchezo wa wasichana tumeuhesabu kuwa uzembe kati ya kuteka maji na kuosha vyombo, kwa hiyo tunaona haya kuutaja mbele ya jeneza. Na bibi aliyeshona mpira, akaamua ugomvi kutoka barazani bila kuacha kupeta mchele? Mimi namwita shabiki, tena wa kwanza, naye anazikwa bila neno.

Pale Garris, katika nchi ya Wabaski upande wa Ufaransa, jiwe la kaburi la mwaka 1629 linamkumbuka mcheza pelota, mpira wa mikono wa kwao. Sisi hatuna haja ya kuchonga mawe. Tuna watani. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru tangu miaka ya 1950, mwaka 1966 aliandika makala nzima juu ya utani wa Wakaguru na kifo. Mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, wafiwa wakacheka wakiwa na machozi. Kama anaruhusiwa kuiga kikohozi chake, na aige pia alivyoinama mpira ukampita juu ya kisogo.

Lakini mtani lazima aambiwe, na watoto wa marehemu mara nyingi hawajui. Waulizeni aliocheza nao wangali hai: alirusha kwa mkono gani, nani alimwogopa, nani alimshonea mpira. Mistari miwili katika wasifu inatosha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya maswali yenu, nina langu kwa kina mama mliokaa mbele: mpira ukigusa gauni bila kugusa mwili, mchezaji anatoka au anabaki? Kila nikiuliza hupata majibu mawili, na yote mawili hutolewa kwa ukali.