GPA inapima nini? Nilichowaambia vijana Chunyu

 

Nimepewa dakika chache niongelee elimu ya juu. Kuhusu mikopo tumeshasema sana. Leo nauliza swali ambalo sisi vijana hatuliulizi: mtu akimaliza digrii, tunajuaje kwamba kweli amejifunza?

Nianze na fani yangu, sheria. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, pale ambapo mwenye LLB anapita kabla hajawa wakili. Waliofanya mtihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Waliopewa sapu 342. Waliodisko 265. Na hawa wote, jamani, walikuwa na digrii mkononi, tena zilizotolewa na vyuo vinavyotambuliwa na TCU.

Kelele zikawa kubwa. Wengine wakasema shule inakomoa watu. Wengine wakasema vyuo vinazalisha wanasheria hewa. Waziri Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe.

Sasa nyie ni watu wa korosho, mtanielewa haraka. Ukipeleka mzigo AMCOS ukaambiwa daraja la kwanza, halafu ghala kuu wakasema haufai, utakaa kimya? Utauliza: nani kapima, na kapima nini? Kwenye digrii hakuna anayeuliza. Tunamlaumu korosho.

Mimi nawaambia wanachopima. Vyuo vingi alama 40 ni za kazi za muhula, 60 ni za UE. Mwanafunzi anasaka madesa, anabukua usiku mbili, anaingia kwenye pepa anamwaga alichokariri. GPA ikifika 4.4 ni daraja la kwanza. Hapo tumepima kumbukumbu. Shule ya Sheria wanakuja kupima kazi: andika hati ya madai, andaa kiapo, msimamie mteja. Ni mizani mbili zinazopima vitu viwili, na anayeumia ni mtoto wa mkulima aliyeuzwa ufuta ili asome.

Na msidhani ni shida ya mawakili peke yao. Mzee wa hapa akigombania shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamhusu moja kwa moja. Anamwita mjukuu mwenye LLB. Mjukuu anaijua sheria kwa namba na mwaka, ila kumwandikia mzee barua ya malalamiko inayoeleweka, hawezi. Digrii hiyo imemsaidia nani?

TCU inataka kila programu iandike mhitimu ataweza kufanya nini. Kwenye makabrasha imeandikwa vizuri tu. Tatizo ni kwamba mtihani hauulizi kilichoandikwa pale. Na darasa la watu mia tano, mhadhiri mmoja, atasahihisha saa ngapi kazi za vitendo? Anatunga maswali mepesi kusahihisha. Siwalaumu wahadhiri. Serikali inajisifia idadi ya waliodahiliwa, haijisifii idadi ya wahadhiri walioajiriwa.

Kwa hiyo tudai mambo matatu.

Kwanza, kila chuo kitangaze hadharani wahitimu wake wangapi wanafaulu Shule ya Sheria, na fani nyingine zenye mitihani ya bodi, kama uhasibu, zifanye hivyohivyo. Mzazi ajue kabla hajalipa ada.

Pili, mwanafunzi arudishiwe karatasi yake na maelezo ya alipokosea. Kupata alama bila sababu ni hukumu bila maelezo, na wanasheria tunajua hukumu ya namna hiyo inakatiwa rufaa.

Tatu, msaada wa kisheria vijijini uwe na alama. Mwanafunzi aje Chunyu, asikilize wananchi, aandike, asahihishwe. Hapo mtapata huduma na yeye atapimwa kwa kazi.

Mtu atasema haya siyo siasa. Ni siasa! Anayekopa bodi ya mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara akiajiriwa. Deni linapimwa hadi shilingi ya mwisho. Elimu aliyokopea nayo ipimwe kwa umakini huohuo.

Mgombea akija hapa kuahidi chuo kipya, msipige makofi kwanza. Mwulizeni: watakaotoka humo wataweza kufanya nini, na mtajuaje?