Usisubiri Chuo Kikuite Ndiyo Uanze Kusoma Takwimu

(Mada niliyoitoa kwa vijana wetu, Ifakara)

 

Nimeombwa niongelee masomo, sio uchaguzi. Mtaona wenyewe vinakutana wapi.

Wengi hapa mna digrii na mko nyumbani. Huyu yuko kwenye mpunga, yule anapiga bodaboda, wote mnasubiri nafasi ya uzamili. Mimi ni mmoja wenu, najiandaa kwa uzamili wa takwimu. Nawaambia, muda huu wa kusubiri ndio wa kusoma.

Na hakuna mahali pazuri kama hapa. Tangu 1996 kaya za bonde hili zinatembelewa kuandikwa vizazi, vifo na wanaohama. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa vyandarua vya Zuia Mbu, Kilombero na Ulanga. Matokeo yalitoka 2001 kwenye jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la watoto wanaobaki hai, kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4.

Wengi tunaishia hapo. Mwanatakwimu anasoma mabano yanayofuata: kati ya asilimia 3 na 45. Maana yake chandarua kinasaidia, ila ukubwa wa msaada wenyewe unaweza kuwa mdogo au mkubwa sana. Kujua mabano yale yametoka wapi, ndiyo shule yenyewe.

Sasa tunaanzia wapi? Kwanza rudia kalkulasi ya Kidato cha Sita. Pili, aljebra ya matrisi. Mihadhara ya Gilbert Strang wa MIT iko bure mtandaoni. Tatu, uwezekano, msikilizeni Joe Blitzstein wa Harvard, naye ni bure. Hapo ndipo ufungue kitabu cha Casella na Berger, Statistical Inference. Ukikirukia mapema kitakutoa jasho, utasema huna akili, kumbe umeruka ngazi.

Bando ni ghali, najua. Pakua mara moja, soma ukiwa nje ya mtandao. Fanya maswali kwa kalamu, maana kutazama video sio kujua. Tafuta mwenzako mmoja, kila Jumamosi mmoja amfundishe mwingine. Weka programu ya R kwenye laptop, haiuzwi, kisha chezea majedwali ya Sensa ya 2022, ile iliyotuhesabu watu 61,741,120.

Siasa iko wapi? Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopotosha au kubeza zile rasmi. Kelele zikapigwa, hadi Benki ya Dunia ikasema, na 2019 ikarekebishwa. Mlango uko wazi zaidi sasa, lakini nani ataingia kama hatujui kukokotoa?

Na tusijipendelee. Kiongozi wetu akipanda jukwaani na asilimia, muulizeni kwa heshima: mliwauliza watu wangapi? Mliwachaguaje? Namba ya upande wetu ipimwe kwa mizani ileile.

Wiki hii kila mmoja atafute somo la kwanza, afanye maswali kumi. Jumamosi tukutane na madaftari.