Saa ya London na Siku ya Bagamoyo: Redio na Hesabu ya Wakati katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu siku ya matangazo ya redio ya Waingereza katikati ya karne ya 20, na namna ilivyokutana na siku ya Waswahili wa Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam. Wanahistoria wa redio wamezoea kuuliza kilitangazwa nini. Mwanaisimu hana budi kuuliza pia: kilitangazwa saa ngapi, na siku gani? Hoja ya msingi hapa ni kwamba redio iliyoletwa na Waingereza iliikubali saa ya Kiswahili, lakini haikuikubali siku ya Kiswahili. Tofauti hiyo imeacha alama katika lugha.

2.0 Siku ya redio Uingereza

Kuanzia Februari 5, 1924, BBC ilitangaza milio sita ya saa ya Greenwich. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kengele ya Big Ben ilitangulia taarifa ya habari ya saa tatu usiku. Baada ya vita, msikilizaji wa Uingereza alikuwa na idhaa tatu: Home Service, iliyoanza 1939, Light Programme, iliyoanza 1945, na Third Programme, iliyoanza Septemba 29, 1946 na kutangaza kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku.

Siku hiyo iligawanywa kwa mashine, si kwa jua. Isingewezekana vinginevyo. Mjini London, mwezi Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku kwa saa za huko. Mwezi Desemba huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Jua la namna hiyo haliwezi kuaminiwa kupanga vipindi.

3.0 Siku ya pwani

Bagamoyo iko karibu nyuzi sita na nusu kusini mwa Ikweta. Hapo machweo ya mwezi Januari na ya mwezi Juni hutofautiana kwa kiasi cha nusu saa tu. Ndiyo sababu Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapokuchwa, wala hesabu yake haimpotoshi.

Kwa desturi ya Waislamu wa pwani, siku nzima nayo huanza magharibi. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu hiyo, ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Majina ya siku yenyewe yanashuhudia mpango wa kale: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka hesabu ifike Ijumaa.

4.0 Makutano

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 kikaundwa chombo cha umma, Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kwa kufuata mfano wa BBC. Juni 27, 1957, London nayo ikaanza matangazo ya Kiswahili.

Kiswahili hakikuwa mgeni katika mitambo hiyo. Saa ambayo mtangazaji wa Kiingereza aliihesabu kuwa ya nane, mwenzake wa Kiswahili aliitaja kuwa saa mbili usiku. Msamiati nao ulikuwa tayari. Neno kipindi lilitumika kwa nyakati za sala, yaani vipindi vitano, kama linavyotumika kwa matangazo. Ratiba lina mzizi mmoja na ratibu, nyiradi zisomwazo kwa mpangilio maalumu. Idhaa lilitoka katika Kiarabu, lugha ambayo BBC ilianza kuitangazia mwaka 1938.

Hata hivyo, ratiba ya redio ilibadili tarehe saa sita usiku. Kwa hesabu yake, Ijumaa usiku hufuata mchana wa Ijumaa. Redio haikuwa peke yake katika hili. Shule, ofisi na kalenda ya ukutani zilifuata mkondo huohuo. Lakini redio iliitamka hesabu hiyo kila siku, tena kwa Kiswahili fasaha.

Athari yake si ya nadharia tu. Mtu akialikwa maulidi Bagamoyo usiku wa Ijumaa, naye akaelewa Ijumaa usiku, atafika siku moja baadaye, shughuli imekwisha na majamvi yamekunjwa. Maneno ni yaleyale mawili; mpangilio wake ndio unaotenganisha kalenda mbili.

Lugha haikukosa dawa. Taarifa za habari husema usiku wa kuamkia Ijumaa, na shaka huondoka. Kirai hicho kinautaja usiku kwa asubuhi inayoufuata, kama walivyofanya wazee wa pwani, bila kuivuruga tarehe ya ofisini.

5.0 Hitimisho

Yafaa basi watunga kamusi wazieleze hesabu zote mbili, na walimu wasiusahihishe usiku wa Ijumaa kana kwamba ni kosa. Saa ya Kiswahili imedumu kwa sababu inatamkwa hadharani kila siku. Siku ya Kiswahili imebaki kwa wazee, misikitini na katika mialiko. Isipoandikwa, wajukuu watausikia mwaliko wa babu zao, wataelewa kila neno, na bado watakosa shughuli.