Vita Kuu na Kazi za Watu Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kizwite, Sumbawanga)



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya maisha na kazi za watu wakati wa vita vya mwaka 1939 hata 1945. Khabari za majemadari na mizinga zimekwisha kuandikwa na watu wenye elimu kutupita, nasi hatukusudii kuzirudia. Twataka kuwatazama wale wasioshika bunduki: mwenye kukata mkonge, mwenye kugema mpira, mwenye kulima shamba, na mwenye kuandika daftari. Huyu wa mwisho ni ndugu yetu wa kazi moja, kwa hiyo mtatuwia radhi ikiwa baadhi ya maneno yatatuchoma sisi wenyewe.

Na tuanze mbali, kisha turudi nyumbani.

Katika Marekani liko jimbo liitwalo Michigan, na mji wake mkubwa ni Detroit, mji uliojulikana duniani kwa kuunda motokaa. Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya huko viliacha kuunda motokaa za raia, vikageuzwa kuwa viwanda vya vifaru, mizinga na ndege. Kampuni ya Ford ilijenga kiwanda kikubwa mno mahali paitwapo Willow Run, kwa ajili ya kuunda ndege za kutupia mabomu. Kazi ilipokuwa nyingi kabisa walikuwamo watu zaidi ya 40,000, na maelfu kati yao walikuwa wanawake. Mwaka 1944 ndege moja nzima ilikuwa ikitoka humo karibu kila saa, na jumla ya ndege zote ilipita 8,000. Majumbani mwao nako watu walibanwa. Sukari, kahawa, nyama, viatu na petroli viligawanywa kwa vyeti. Lakini kitu kilichotangulia kugawanywa, tangu Januari 1942, kilikuwa mipira ya magurudumu ya motokaa.

Msikilizaji aweza kuuliza, Michigan na Ufipa wapi na wapi? Jibu limo katika hiyo mipira.

Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani waliwashambulia Wamarekani huko Pearl Harbor, na tarehe 15 Februari 1942 mji wa Singapore ukaanguka mikononi mwao. Kwa muda wa miezi michache Malaya, visiwa vya Wadachi na visiwa vya Ufilipino vilitekwa. Basi nchi hizo ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa sana ya mpira wa dunia, na Ufilipino ndiyo iliyokuwa ikitoa nyuzi za kusokotea kamba za meli. Mlango huo ulipofungwa, Waingereza na Wamarekani walitazama huku na huku watafute mwingine, na macho yao yakaangukia Afrika ya Mashariki, na zaidi Tanganyika, nchi ya mkonge.

Hapa liko jambo la kushangaza kidogo. Mkonge wenyewe si mwenyeji wa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, huko huko Marekani, na iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo 62 yalianzia mashamba ya Tanga na Morogoro. Ikawa mwaka 1942 mmea uliotoka Marekani ukarudi kuwasaidia Wamarekani: katani yake ikasokotwa kamba za meli za vita, na nyuzi za kufungia miganda ya ngano mashambani.

Na mpira nao vivyo hivyo. Upande wa Muheza yalikuwako mashamba ya mpira yaliyopandwa wakati wa Wajerumani, kisha yakaachwa kuwa mapori baada ya bei kuanguka mwaka 1913. Vita vilipokaza, mapori hayo yakafyekwa na miti mizee ikagemwa tena. Na pareto, ua jeupe la nchi za baridi, lililokuwa likitoka zaidi Japani, likalimwa kwa bidii katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika, lipate kutengenezwa dawa ya kuua mbu, askari wasife kwa homa.

Kazi hizo zilihitaji mikono. Nani aliyetoa mikono?

Baadhi walikwenda kwa hiari yao. Watu wa Ufipa, hata kabla ya vita, walikuwa wamezoea kusafiri kutafuta fedha ya kodi na ya nguo: wengine Lupa kwenye dhahabu, wengine Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwenye migodi ya shaba, na wengine Tanga kwenye mkonge, mwendo unaopita kilometa 1,000. Lakini hiari haikutosha. Serikali ya wakati ule ilitoa amri ya kuwaandika watu kwa lazima, si jeshini tu, bali na mashambani pia. Katika miaka hiyo watu wa Tanganyika waliopelekwa kwa lazima kwenye kazi zilizohesabiwa kuwa za vita walipita 80,000, nao waliovaa nguo za jeshi walipita 80,000 vile vile. Na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao wenyewe ya kuwatafuta wafanyakazi bara, nayo ikajulikana kwa jina la Silabu.

Sasa tusikilize jinsi amri ilivyoshuka, kwa maana hapa ndipo tulipo sisi. Hesabu ya watu waliotakiwa ilitoka juu, ikamfikia Bwana Shauri wa wilaya. Bwana Shauri aliwagawia machifu, kila mmoja na idadi yake. Chifu alimwambia jumbe, na jumbe aliwatoa vijana nyumbani. Walipofika bomani walitazamwa na mganga, wakapangwa mstari, na mbele ya mstari ilikuwako meza. Aliyeketi nyuma ya meza hiyo na kalamu mkononi alikuwa mara nyingi karani Mwafrika, mtu aliyesoma misheni kama sisi, ajuaye lugha yao.

Karani huyo hakutunga amri, na kama angalikataa kuandika, angaliandika mwingine. Twalikubali hilo. Illakini hebu tutazame aliandika nini. Aliandika idadi. Taarifa iliyokwenda juu ilitaka kujua wangapi wamekwenda, wangapi ni wagonjwa, wangapi wametoroka. Haikuuliza ni nani. Na huko mashambani mtu alipewa kipande chake cha siku thelathini na namba yake, na kwa namba hiyo aliitwa asubuhi, akalipwa mwisho wa kipande. Ndipo likazaliwa neno lililobaki katika lugha yetu hata leo: manamba. Ndugu wanachama, neno hilo twalitamka kwa wepesi, wala hatukumbuki ya kuwa maana yake ni watu waliovuliwa majina.

Na turudi sasa huku nyanda za juu, kwa wale waliobaki nyumbani.

Bidhaa za dukani kwa desturi zilisafiri mbali kabla ya kufika kwetu. Zilitoka Dar es Salaam kwa reli hata Kigoma, zikapakiwa katika meli Liemba, zikashushwa Kipili au Kasanga, kisha zikapanda mlima mpaka juu. Meli hiyo nayo ina khabari zake za vita: iliundwa Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Vita vya pili vilipokuja, meli za baharini zilipungua, viwanda vya Ulaya viligeuka kuwa vya silaha, petroli ikawa ya kupimwa, na mwisho wa njia hiyo ndefu zilifika bidhaa chache zenye bei kubwa. Nguo, majembe, vitu ambavyo mtu alivizoea kuvipata kwa shilingi chache, vikawa vya kutafutwa.

Hapa wazee wetu wangaliweza kucheka, laiti wangalikuwa hai. Maana watu wa Ufipa na bonde la Rukwa katika karne ya 19 walifuma wenyewe nguo nzito za pamba, na chuma cha majembe waliyeyusha wenyewe. Tanuru zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu, zilifikia kimo cha mita tatu au zaidi, nazo ziliwaka bila kuvukutwa, kwa upepo ulioingia chini na kupanda juu. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo yenye mivukuto, kisha mhunzi akafua jembe. Lakini nguo ya dukani na jembe la dukani lilikuwa rahisi zaidi. Na vita vya mwaka 1939 vilipofika, ufundi huo ulikuwa umekwisha kufifia. Mtu aliyekosa jembe dukani aliweza kupita karibu na ilungu lililosimama baridi, wala asiwe na mtu wa kuliwasha. Tanuru ilikuwako, aliyepotea ni fundi. Na alipotea kwa sababu hapana aliyemwuliza wala aliyeandika alichokijua wakati alipokuwa hai.

Shamba nalo halikungoja amani. Kilimo cha Ufipa chajulikana kwa ntumba, yaani kupindua udongo pamoja na majani yake na kuurundika katika matuta ya mviringo ili majani yaoze, kisha kuyatawanya msimu ufuatao na kupanda. Ni kazi nzito ya jembe, na kazi hiyo haipungui kwa sababu mume au kaka ameandikwa kwenda mbali. Mwanamke alishika jembe lile lile lililokwisha makali, akalima, akapalilia ulezi, akauvuna, akautwanga, akalea watoto na wazee. Na katika miaka hiyo hiyo nzige wekundu, ambao bonde la Rukwa ni moja ya mahali wanapozaliana, walikuwa bado wakisumbua nchi. Pigo lao lilianza yapata mwaka 1930 likadumu hata mwaka 1944. Kule Michigan mwanamke wa kiwandani alipigwa picha, akasifiwa magazetini. Wa kwetu alifanya kazi ya watu wawili, wala jina lake halikupata kuingia katika daftari lo lote.

Wengine watatujibu kwamba askari wetu nao waliteseka, tena wengi hawakurudi. Ni kweli, wala hatuwapunguzii heshima. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, wakashuka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope ya mwaka 1944. Lakini askari ana kumbukumbu. Waliokufa katika vita vya kwanza wana sanamu yao Dar es Salaam tangu mwaka 1927, na wa vita vya pili wana mnara wao Nairobi. Aliyekufa kwa kuhara kambini mwa mkonge ana nini? Na yule aliyerudi nyumbani kikohozi kikimsumbua, akakuta shamba limekuwa pori, ameandikwa wapi?

Wengine watasema: mambo hayo ni ya zamani, walioyatenda wamekwisha kufa, ya nini kuyachimbua? Twawajibu kwa mithali tuliyofundishwa sisi makarani kabla ya mithali nyingine zote: Mali bila daftari hupotea bila khabari. Ikiwa mali hupotea hivyo, je, mtu? Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1942, kama yu hai leo, amepita miaka mia. Lakini watoto wake wapo, na wajukuu wake ni sisi. Bado katika nyumba nyingi yuko bibi au shangazi akumbukaye kwamba fulani alikwenda Tanga, na fulani hakurudi. Akifa huyo, tutakuwa tumesimama mbele ya ilungu baridi kwa mara ya pili.

Kwa hiyo twaleta shauri moja mbele ya mkutano. Kila mwanachama anunue daftari moja la shule, akiwa likizoni kwao awaulize wazee, na aandike haya: jina la mtu na la baba yake, kijiji chake, alikwenda kwa hiari au kwa lazima, shamba gani, mgodi gani au kikosi gani, alirudi au hakurudi, na nani aliyelima shamba lake alipokuwa hayupo. Hilo la mwisho msilisahau, maana ndilo litakalotupa majina ya wanawake. Madaftari yakusanywe kwa Bwana Katibu, na majina yasomwe kwa sauti katika mkutano wetu wa mwaka.

Hatuahidi kwamba kazi hiyo itamletea mtu malipo wala kumfuta mtu machozi. Lakini kalamu ya kabila letu la makarani ndiyo iliyowaandika watu hao kuwa hesabu. Yafaa kalamu hiyo hiyo, katika mikono yetu, iwarudishie majina yao.