HESABU YA MWENDO HUANZA MIGUUNI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika darasa la jioni)

Leo twataka kusema juu ya hesabu ya mwendo. Wengi wetu tulifundishwa hesabu hii kwa chaki na ubao, tukaikariri, kisha tukaisahau. Sababu ni kwamba tulipewa tarakimu kabla ya kuujua mwendo wenyewe. Kwa hiyo darasa letu huanza uwanjani.

Chukueni utepe wa kupimia, mpime mita 20, na kila baada ya mita 5 mweke jiwe. Penye kila jiwe asimame mtu mwenye saa ya kuhesabu sekunde. Simu ya mkononi yatosha. Mwenzetu mmoja atembee kwa hatua zake za kawaida, asiharakishe wala asipunguze. Wenye saa wote waanze pamoja anapoondoka, na kila mmoja asimamishe saa yake anapopitwa. Tuseme jiwe la kwanza limepata sekunde 4, la pili 8, la tatu 12, la nne 16. Hapo hata asiyependa hesabu huona kwamba kila sekunde 4 mtu huyu alikwenda mita 5. Basi gawanya umbali kwa muda: mita 20 kwa sekunde 16 ni mita 1.25 kila sekunde. Zidisha kwa 3.6, utapata kilomita 4.5 kwa saa. Hiyo 3.6 yatoka wapi? Saa moja ina sekunde 3,600, na kilomita moja ina mita 1,000.

Sasa tuchukue karatasi ya miraba. Chini tuandike sekunde, kando kwenda juu tuandike mita. Tutie nukta zetu nne, tuziunge kwa rula. Mstari umenyooka, maana mwendo haukubadilika. Mwingine akikimbia mita hizo 20 kwa sekunde 4, mstari wake utapanda wima zaidi. Akisimama, mstari hulala, kwa kuwa saa yaenda naye haendi. Akirudi alikotoka, mstari huteremka.

Hapa wanafunzi wengi hupotea. Wakiona mstari unapanda hudhani mtu anapanda mlima. Dawa yake ni kugeuza kazi: mwalimu achore mstari kwanza, mwanafunzi autembee, na wenzake waseme kama ameufuata. Akifanya hivyo mara tatu nne hatasahau.

Mtauliza, jambo hili lina faida gani kwa chama? Tazameni safari ya lori kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kadiri ya kilomita 480. Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza magari ya abiria na malori makubwa yafungwe chombo cha kuzuia mwendo, yasipite kilomita 80 kwa saa. Tuseme karani amwandikia dreva aondoke saa kumi na mbili asubuhi, afike saa sita na nusu mchana. Hizo ni saa 6 na nusu. Toa saa moja ya kula na ya kungoja mizani pale Mariakani. Zimebaki saa 5 na nusu. Gawanya 480 kwa 5.5: ni zaidi ya kilomita 87 kwa saa, tena bila kuhesabu milima wala msongamano.

Basi ratiba yenyewe imevunja sheria kabla gari halijawashwa. Lakini polisi akisimamisha lori, anayeulizwa ni dreva, na likipinduka, wanaoumia ni dreva na taniboi wake.

Kwa hiyo twawaomba kila dreva apewapo ratiba aichore. Auchore mstari wa kilomita 80 kwa saa, aulaze pale penye mapumziko, kisha aone kama wafika 480 kwa saa iliyoandikwa. Usipofika, karatasi hiyo apewe mwakilishi wetu kazini aiweke mezani mbele ya tajiri. Tajiri aweza kusema dreva ni mvivu. Lakini mstari huo hata karani wake aweza kuupima kwa rula.

Darasa lijalo njooni na penseli, rula na ratiba zenu. Na watoto wenu waleteni pia, uwanja ni mpana.